Bunduki Kabatini, Bangili kwa Sonara

Asalamu aleikum, ndugu zangu. Na wale mnaosalimiana kwa namna nyingine, habari za mchana, karibuni sana. Chai ipo, sambusa zipo, ila nawaomba mnivumilie kidogo kabla hamjaanza kupitisha sahani, kwa sababu nikisikia vyombo vinalia nitapata kisingizio cha kukaa chini.

Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha akiba aliponiambia nisimame mbele yenu nilikataa. Akasema, "Wewe ulianguka ukainuka, waeleze watu." Nikamwambia kuinuka kwangu ni hadithi fupi, hata chai haipoi. Kuanguka ndiko kurefu, na kuna aibu. Akasema hiyo hiyo ndiyo wanayoitaka. Sasa nimesimama, nawaambia ukweli.

Wengi mnanijua kwa basi. Miaka mingi hapa Marekani niliendesha yale mabasi madogo yanayowachukua wafanyakazi wa ofisi za serikali kwenye stesheni ya treni za Metro na kuwapeleka kazini. Kazi ilikuwa nzuri. Bima ilikuwepo, ovataimu ilikuwepo. Lakini mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kusalimia. Asubuhi nasalimia basi zima, najibiwa na mlango ukijifunga. Watu wanaangalia simu zao. Siku nzima ni yes sir, yes ma'am, na jioni narudi nyumbani najiona kama kiti cha mle ndani.

Kazini nilikuwa na rafiki, dereva mwenzangu, Mmarekani mweusi, mwanajeshi mstaafu. Kiswahili alijifunza chuoni ujanani mwake, akakipenda, mpaka leo anakisema kama kilivyoandikwa kitabuni. Huyu hawezi kukwambia "twende". Atakwambia, "Tafadhali, tuondoke pamoja." Basi Jumamosi moja akaniambia tuondoke pamoja, akanipeleka nje ya mji, Virginia hii hii huko mbele, kwenye uwanja wa kulenga shabaha.

Kwetu bunduki niliiona mikononi mwa askari tu, na ukiiona unahamia upande wa pili wa barabara. Siku ile nilishika ya kwangu mimi, nikalenga, nikapiga, bega likauma wiki nzima. Na nawaambia, ndugu zangu, nilipenda. Nilipenda vibaya. Nilijiona mtu.

Nikaanza kununua. Moja ya kwanza, halali, kwa karatasi na taratibu zote. Halafu ya pili. Nilipenda zile za zamani, zenye vitako vya mbao, zilizopita vitani. Nikanunua sefu kubwa nikaliweka kwenye kabati la chumbani. Mke wangu nilimwambia mle ndani kuna bastola moja ya ulinzi na pasipoti zetu. Nyingine nilikuwa naziingiza nyumbani kwenye maboksi marefu, nikiulizwa nasema vipuri vya gari, bampa, mara hiki mara kile. Mke wangu ni Mzanzibari, mnawajua Wazanzibari kwa maneno. Alilitazama boksi akasema, "Gari yako hii ina mbavu ndefu, jamani." Nikacheka. Nilijiona mjanja.

Wale mlionijia kuomba mchango wa msiba nikawaambia mwezi huu mbaya, mnisamehe. Mwezi ule haukuwa mbaya. Mwezi ule nilinunua mtutu. Na wewe uliyekuja mpaka mlangoni, nakuona pale, usiinamishe kichwa. Anayepaswa kuinama ni mimi.

Kisha mkataba wa mabasi ukakatwa. Hatukuambiwa mapema. Tulifika kazini tukaambiwa turudishe funguo na vitambulisho. Mimi na rafiki yangu tulikaa kwenye maegesho tukitazama mabasi yamepangwa hayana watu. Yeye ana pensheni ya jeshi. Mimi nina watoto na apatimenti huku mtaa wa West End ambayo kodi yake kila mwaka inapanda ngazi.

Nika-apply huku na kule. Nikaendesha gari la abiria mpaka gari lenyewe likaharibika, na safari hii vipuri vilitakiwa kwelikweli. Mke wangu anatunza wazee majumbani, akaongeza shifti. Akawa anarudi miguu imevimba. Barua za kodi zikaanza kubandikwa mlangoni, na mimi nazibandua haraka jirani asione. Na sefu liko kabatini, limejaa.

Mtaniuliza, kwa nini hukuuza? Nilijiambia bei itapanda. Nikajiambia si wakati mzuri. Nikajiambia mwanamume hawezi kubaki mikono mitupu katika nchi hii. Yote uongo. Ukweli ni kwamba nikiwa na zile bunduki nilikuwa bado bwana wa kitu fulani. Nikifunga mlango wa chumbani nikazipangusa kwa kitambaa na mafuta, nilikuwa sijafukuzwa kazi. Niliogopa kuuza hata moja, kwa sababu nikiuza moja nitakuwa nimekubali.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo panaponichoma.

Watu wa pwani mnajua, dhahabu ya mwanamke mume haigusi. Mahari ni yake, bangili ni zake. Siku ya harusi yetu mama mkwe alimvisha bintiye bangili, zikiwemo alizorithi yeye kwa mama yake, akamwambia mbele yangu, "Hizi ndizo nauli yako. Huyu akikuchosha, uza moja, upande ndege, urudi kwetu." Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, bwana harusi, nimevaa kanzu mpya.

Basi jioni moja mke wangu alinikuta jikoni na barua ya kodi mkononi. Alikwenda kwenye sinki, akafungua maji, akapaka sabuni mkononi. Mkono wake umekuwa mnene kwa kazi, bangili hazitoki. Alizivuta moja moja, ngozi ikawa nyekundu. Akaziweka kwenye taulo ya vyombo. Akasema, "Nipeleke kwa sonara. Tukilipa hii tutapumua."

Ndugu zangu, nilimpeleka. Mimi mwenyewe niliazima gari nikamwendesha, tukavuka daraja tukaenda Maryland kwa sonara mmoja wanayemjua akina mama. Yeye akaingia. Mimi nikabaki garini, nasema nalinda nisipigwe faini ya maegesho. Alipotoka alikuwa ameshusha mikono ya buibui mpaka kwenye vidole. Nikamwambia, "Mungu atakulipa." Nikamwachia Mungu, na mimi bunduki ninazo kabatini.

Kodi ikalipwa. Baada ya hapo kulikuwa na harusi, wengi wenu mlikuwepo. Kuna mama mmoja akamuuliza mbona mikono mitupu leo. Mke wangu akacheka akasema, "Nimechoka kulia kengele kama ng'ombe, nimeziweka ndani." Alinisitiri. Mbele ya watu wote alinisitiri, akarudi akakaa karibu yangu, akanipakulia pilau.

Sasa Mwenyezi Mungu ana njia zake, na njia yake kwangu ilikuwa bomba la maji. Bomba lilipasuka ndani ya ukuta wa chumbani. Mafundi wa jengo wakaja, mimi niko nje kutafuta kazi. Mke wangu akanipigia. "Mafundi wanasema lazima sefu litolewe, na ni zito halitikisiki. Wanataka lipunguzwe vitu. Nipe nambari nitoe hizo pasipoti."

Nikamwambia ngoja nakuja. Nilikuja mbio kutoka kituo cha basi. Nikakuta maji yanapita kwenye zulia, mafundi wamesimama na ndoo, mke wangu amekunja suruali, binti yangu mkubwa yuko mlangoni. Hakukuwa na la kufanya. Nililifungua mbele yao wote.

Fundi mmoja akapiga mluzi. Akaniambia kwa Kiingereza chake, "Mzee, wewe tajiri." Hakuwa na ubaya, alikuwa ananisifu.

Nikaanza kuzitoa. Zinatoka, nazilaza kitandani, na bado zimo. Kitanda chetu kikajaa. Binti yangu, huyu Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniuliza pole pole, "Dad, did Mom know?" Ananiuliza kama mama yake alikuwa anajua. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili, "Nenda kamtazame mdogo wako."

Mafundi walipoondoka mke wangu aliniuliza jambo moja tu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Siku ile nimeingia kwa sonara, weye umekaa garini. Ulikuwa unafikiri nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na mazoezi. Lakini nilimtazama ule mkono nikasema kweli. Nilimwambia nilikuwa nazipitia zote kichwani, moja moja, nione ipi ningeweza kuuza badala ya bangili zake. Na sikuipata.

Alichukua mto akaenda kulala na watoto.

Hapo ndipo nilipovunjika, ndugu zangu. Nililia kitandani kati ya vyuma. Mtu mzima, nimezungukwa na bunduki, siwezi hata kuomba maji ya kunywa nyumbani kwangu.

Asubuhi nikampigia rafiki yangu mwanajeshi, nikamweleza yote. Akaniambia, "Mimi nilikufundisha kununua. Sasa nitakusaidia kuuza." Akaja na gari lake kubwa. Kuna kijana alishasikia nauza, alitaka kununua mbili kwangu kwa pesa taslimu, pasipo kuandikishana. Bei yake ilikuwa tamu. Rafiki yangu alinitazama tu, nikamwambia kijana hapana. Nilishafanya mambo ya gizani ya kutosha. Tulikwenda duka lenye leseni, wakazikagua, wakazipangia bei. Ile niliyoipenda kuliko zote, mwenye duka aliigeuza mara moja akasema kitako kimebadilishwa, si cha asili. Miaka yote naipangusa, nilikuwa sijui. Nikaziuza zote. Sikubakisha hata ile bastola ya ulinzi.

Kutoka pale nilimwomba rafiki yangu anipitishe Maryland kwa sonara. Nilitaka nizirudishe zile bangili nyumbani kabla ya jua kuzama, nionekane mwanamume. Sonara alinikumbuka. Akanionea huruma. Akasema zilishayeyushwa zamani. Akanionyesha mpya, nzuri, zinang'aa. Nikapiga simu nyumbani, nikamwuliza mke wangu nichukue zipi.

Akasema, "Usinunue. Ukininunulia bangili utajiona umeshalipa."

Alichotaka ni kingine. Mnajua hapa chamani wengi tumejiandikisha kwa nyumba, akiba moja kwa mume na mke, na jina ni la mume. Alitaka jina lake peke yake, akiba yake peke yake, ambayo mimi siwezi kuigusa wala kuuliza. Akataka kilichobaki cha pesa za bunduki baada ya kodi kiingie huko chote. Nilikuja kwa mweka hazina na kofia mkononi, nikamwambia. Hakuniuliza kwa nini. Alimwandikisha siku hiyo hiyo, akampigia simu mwenyewe akamkaribisha. Nauli yake sasa ipo, na inatosha kumfikisha kwao. Mimi naijua hiyo, na yeye anajua kwamba naijua.

Baadaye mmoja wenu akanipeleka kwa bosi wake, nikapata kazi ya kuegesha magari ya wageni hotelini, Alexandria hapa. Kodi tunalipa kwa wakati. Sefu nalo nililiuza, likabebwa na watu wanne wakitukana. Ndiko kuinuka kwenyewe, niliwaambia ni kufupi.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Nakushukuru wewe uliyenitafutia kazi bila kuniuliza sana. Mweka hazina, Mungu akuzidishie. Rafiki yangu mwanajeshi yuko pale mlangoni, anaelewa kila neno ninalosema, na nadhani anasahihisha sarufi yangu. Nakushukuru, ndugu.

Na kama kuna kaka hapa amebanwa, ninachoweza kumwambia ni hiki. Mkeo akianza kuvua chake, msimamishe. Nenda kwanza ukafungue kabati lako, yeye akiwa amesimama hapo anaona. Utaaibika, ndiyo. Lakini aibu ya siku ile si chochote ukiilinganisha na hii yangu, maana hii ilimpeleka mke kwa sonara ikamsubiri nje.

Sasa, watu wakitoa ushuhuda humalizia kwa kusema tumepatana, tunaishi raha mustarehe. Leo asubuhi nilimwuliza mke wangu nimalizie vipi. Alikuwa anajifunga mtandio kwenye kioo. Akasema, "Waambie yote uliyoyafanya. Ila usiwaambie nimekusamehe. Bado. Hilo ni langu, nitalisema mwenyewe siku nitakayoliona."

Basi sijawaambia. Yuko kule nyuma, upande wa akina mama. Nawaombeni, tukianza chai, msiende kumwuliza. Msimbembeleze kwa ajili yangu, na msinipigie makofi. Mwacheni anywe chai yake. Mimi nitangoja.