Tik ya Kahiga

Jumamosi asubuhi benchi ya kahawa ya Idarous, pale Ngoingwa, Thika, ilijaa. Kahiga, ambaye wenzake humwita Profesa, alikuja na mbwa wake Tommy kuwanyamazisha waliombishia. Mwezi mzima alikuwa amejigamba juu ya kidude cha plastiki ambacho binti yake Ciku alitumia kumfundisha Tommy kabla ya kurudi shule: ukikibonyeza kinalia tik, mbwa anakuja mbio. Sasa akakibonyeza mbele ya wote. Tommy akafyata mkia, akajikunyata chini ya benchi.

— Aii, Profesa! Hiyo ndiyo digrii? — Mwas, fundi wa pikipiki, alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Nyumbani huwa anakuja, — Kahiga akasema, uso ukimwaka.

— Betri imeisha, — Mwas akasema.

— Haina betri.

— Si ndiyo hiyo shida! Kitu haina betri itaongea na mbwa aje?

— Mimi naona ni ile mlingoti mpya ya simu, — Idarous akaingilia, birika mkononi. — Tik inatoka hapa, inapanda huko juu, inashukia mbwa ya wenyewe. Saa hii kuna mbwa iko Kamenu inakimbia tu, haijui inaitwa wapi.

— Woi! Profesa ameharibia mbwa za Thika nzima network!

Kahiga alicheka nao, lakini akatupia jicho barabarani. Ciku alikuwa njiani kuja likizo fupi. Jumapili alikuwa amemuuliza kwa simu, “Daddy, bado unamfanyisha Tommy mazoezi?” Naye akajibu, “Kila siku, mami.”

Naliaka, mpangaji mpya mtaani aliyekuja kujaziwa kahawa kwenye chupa ya chai, akainama kumtazama mbwa.

— Samahani, mzee. Huwa akija unampa nini?

Benchi nzima ikamgeukia Kahiga. Ciku alikuwa akimpa kipande cha matumbo kila tik. Yeye aliacha siku ya tatu baada ya Ciku kuondoka. Kila alfajiri alibonyeza, Tommy akaja mbio, naye akamkamata shingo na kumfungia kwenye kibanda mpaka usiku, kama wanavyofanya majirani wote.

— Mpatie hii, — Mwas akasema, akimpa kipande cha mutura, soseji ya utumbo iliyochomwa.

Kahiga akaishika nyama kwa mkono mmoja, akabonyeza kwa mwingine. Tommy akatoka akitambaa, akaipita nyama bila kuinusa, akainamisha shingo chini ya mkono ule mwingine, tayari kukamatwa.

Mwas akaweka kikombe chini.

— Ciku anafika saa ngapi? — Idarous akauliza polepole.

— Saa sita, — akasema Kahiga, bila kumwangalia mtu yeyote, wala mbwa.