Kichwa cha Chatu wa Divin

Mbele ya stesheni ya Kamina, upande wa ukuta wenye kivuli asubuhi, kuna taruma la reli lililolazwa juu ya matofali. Hapo tunakaa tangu saa moja hadi birika la Mama Talitha, muuza kahawa, likauke. Kabange, aliyeendesha treni miaka thelathini na mmoja, tunamwita Machiniste. Philémon, karani mstaafu wa mahakama na mzee wa kanisa la Kimethodisti, tunamwita Greffier. Mimi wananiita Registre, yaani daftari la majina, kwa kuwa sipendi jina la mtu litajwe nusu. Jumanne ile tulikuwa na hasira kwa niaba ya Divin Kalala, fundi wa redio, anayefuga chatu wadogo katika masanduku ya vioo. Wafaransa humwita mnyama huyo python royal. Wazee wetu wa Kiluba humwita chatu yeyote moma. Mwaka jana Divin alinunua dume kwa mfugaji mmoja wa Lubumbashi. Ngozi yake ilikuwa na michoro myembamba kama utando wa buibui, nzuri ajabu. Ila kichwa hakikutulia. Kilitikisika, kikapinduka kidevu juu, kikamtafuta panya mahali ambapo panya hakuwapo. Asubuhi hiyo mfugaji alikuwa amejibu kwa ujumbe wa simu.

— Soma tena, Divin, Greffier alisema. Pole pole.

— Anasema: «Bwana, ni safari. Train ilimutikisa. Atatulia.» Mwaka muzima anasema vile vile.

Machiniste aliweka kikombe chini.

— Train yetu inatembea kama maandamano ya Sakramenti. Hata yai haipasuke. Huyo mwizi anachafua reli.

— Mukubwa Kabange, train yako ilitoka mu njia mara mbili, Greffier alisema.

— Mara moja. Ile ingine ilikuwa ngombe.

— Nilimuuliza mbele ya kumulipa, Divin alisema. Iko muzima? Akasema muzima kabisa.

Greffier alifuta miwani yake.

— Minyi naona ni antena ya simu. Iko nyuma ya nyumba yako. Yale mawimbi yanaingia mu masikio ya nyoka.

— Nyoka haina masikio, Greffier.

— Njo maana yanaingia pote.

— Apana, Machiniste alisema. Bale ba Lubumbashi balimunywesha lutuku, juu asisumbue mu sanduku.

— Ulevi wa mwaka muzima?

— Niko najua mumoja wa miaka makumi mbili. Ni shemeji yako.

Mama Talitha alicheka ndani ya birika. Greffier hakucheka.

— Basi ni kwaya yetu. Divin anakaa karibu na kanisa. Muangalie vizuri: kichwa kinafuata besi.

— Kumbe ni nyoka ya Methodiste, Machiniste alisema. Yetu ya Katolika ingepiga magoti.

— Na magoti gani?

— Bazee balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyoka ni mugeni. Sisi njo tunapona, yeye anabaki vile.

Hakuna aliyejua methali ile imefikaje hapo, lakini hasira yetu ilihitaji methali, basi tuliiacha ipite.

— Sikieni, Greffier alisema. Muntu akijua ubaya wa kintu na akinyamaza, akauzisha, ile ni wizi. Mu tribinali tuliandika vile.

— Wizi, Machiniste alisema.

— Wizi, Divin alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zetu.

Ndipo mwanamke mwenye vumbi la siku tatu za njia akasimama mbele yetu na kapu lenye kifuniko. Nilimtambua: Noémie Kabongo, mke wa Mwenze, muuza samaki wakavu wa Mulongo, kwenye mto Lualaba.

— Jambo, bapapa. Divin njo nani?

— Ni minyi, mama.

— Miezi sita sasa ulimuuzishia bwana yangu moma mudogo, juu ya panya ya mu depo ya samaki. Wiki muzima niliogopa kuingia mule. Sasa ni panya njo haiogope. Iko kuume, yeye anarukia kushoto. Ilimung'ata mara mbili.

Alifunua kapu. Ndani mlikuwa na chatu mdogo mwenye utando wa buibui mgongoni. Kichwa kilizunguka taratibu, kikaelekea mbinguni, kikabaki huko.

— Ni pirogue, ule mutumbwi, mama, Machiniste alisema kwa huruma. Mayi ya Lualaba inatikisa. Atatulia.

— Njo maneno Divin aliambia bwana yangu. «Ni safari, atatulia.» Huyu alizaliwa wapi?

— Hapa Kamina, Divin alisema.

— Na baba yake, kichwa yake iko namna gani?

Greffier alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mimi nilitazama viatu vyangu.

— Hakuna aliyeniuliza, mama, Divin alisema.

— Mbele niolewe, bazee ba kwa Mwenze balikuya kwetu mara tatu. Baliuliza mbele ya bashahidi: kwenu kuko kifafa? Kuko wazimu? Nkambo, babu yangu, alisema yote, hata ya mujomba mwenye alikuwa anaanguka. Balinikatala? Apana. Balinioa, ila bakijua. Sasa minyi nakuuliza weye, mbele ya hawa bazee: kwako kuko?

Kwetu swali hilo halijibiwi kwa uongo. Anayedanganya mbele ya mashahidi, hakuna nyumba itakayooa kwake tena.

— Kuko, Divin alisema. Balizaliwa bane. Batatu biko na utando, na bale batatu banatikisika. Mumoja hana utando, yeye iko muzima. Nilijua tangu balitoka mu mayai.

— Bengine biko wapi?

— Mumoja kwa Sergent Jephté, ku Base ya basoda. Mumoja kwa mwalimu Élisa, ku Bukama.

— Na ule muzima?

— Niko naye minyi.

Machiniste alisogea kwenye taruma, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na Divin.

— Enda kwanza ku Base, Noémie alisema. Useme vile umesema hapa. Kiisha Bukama. Kiisha minyi na weye tutasemezana. Nakungoja.

Alikaa katika nafasi ile, kapu magotini. Mama Talitha alimmiminia kahawa.

— Greffier, utanisindikiza? Divin aliuliza.

Greffier alisema goti lake linauma. Machiniste alikuwa anatazama reli. Ungamo la namna hii linahitaji shahidi, kwa hiyo nilivaa kofia yangu.

Tulipanda pikipiki moja, watu watatu, Divin katikati. Nusu njia alimwomba dereva asimame kidogo, apumue.

Nilimwambia dereva aendelee.