Fundi Leonidas Mboje na Mipira ya Hita ya Kaya

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Fundi Leonidas Mboje anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Kliniki Tembezi ya Tumaini Jema, Bariadi. Kuanzia Jumanne atakuwa mkulima wa mpunga kijijini kwao Ipililo, na gereji yetu haitakuwa tena na mtu wa kuyaamkia magari “mwangaluka” kila asubuhi kabla hajawaamkia watu. Nimeombwa mimi, Evalina wa masjala, niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa naye muda mrefu kuliko wote, na pia, nadhani, kwa sababu wengine wote walisema wana kazi nyingi.

Alizaliwa Ipililo mwaka 1965, mtoto wa nne katika familia ya wakulima wa pamba. Ufundi alijifunzia kwenye trekta la kijiji, ambalo liliharibika siku nyingi kuliko lilizolima, kwa hiyo mazoezi aliyapata ya kutosha. Tulimwajiri Juni 1993 kwa majaribio ya miezi mitatu. Hakuna aliyekumbuka kumwandikia barua ya kuthibitishwa kazini mpaka mwaka 2001. Alipoipokea alisema kwamba majaribio alikuwa ameshayazoea.

Katika miaka yote hiyo, kliniki ilikosa kufika kijijini kwa sababu ya ubovu wa gari mara nne tu, na mara tatu kati ya hizo yeye husema kosa lilikuwa la mto. Aliwahi kuirudisha Land Cruiser kutoka Lamadi kwa gia namba mbili peke yake, huku wachuuzi wa dagaa wakimpita kwa baiskeli na kumpungia mkono. Hana dharau, hana kelele, hana kalamu. Kalamu zote alizosainia logi buku tangu nimjue ni zangu, na hata moja haijawahi kurudi.

Lakini huwezi kumtaja Fundi Leonidas ukaacha kuitaja Kaya. Kwa wageni wetu wa leo wasiomjua huyu wa pili, ni lile gari kubwa jeupe lililoegeshwa nyuma ya hema la sherehe. Zamani lilikuwa nyumba ya kutalii ya wazee fulani wa Ulaya, lenye kitanda, jiko, makabati na usukani upande usio wake. Wahisani walilileta mwaka 2006 likiwa tayari na umri wa miaka kumi na minane. Kitanda kikawa cha kupimia wajawazito, jiko likawa meza ya chanjo. Watu wa kijiji cha Nkololo walipoiona nyumba inakuja barabarani yenyewe, wakaiita Kaya, na jina likashika.

Kaya ilipofika gereji, Fundi alilala chini yake siku mbili akiichunguza, akatoka huko anacheka. Alikuwa amekuta mipira miwili mirefu ya kupitishia maji, inatoka kwenye injini na kupita chini ya sakafu mpaka nyuma kabisa, ikipeleka maji ya moto kwenye hita ya chumba na kwenye tangi dogo la kunawia. Hita, Bariadi! Gereji nzima ilicheka. Mimi nilicheka, na dereva wetu Dastan anakiri kwamba alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akaikata mipira yote miwili, akaunganisha midomo yake palepale kwenye injini kwa kipande kifupi, na maji yakawa yanarudi yalikotoka bila kwenda nyuma.

Hakuishia hapo. Kama mafundi wengi wa kwetu, akatoa na thamostati, kile kizibo cha shaba kinachozuia maji yasizunguke ovyo mpaka injini ipate moto. Aliamini kwamba kwa jua letu kizibo hicho kazi yake ni kuchemsha gari tu. Mimi siku hizo nilikuwa nalalamika kwamba feni inanipeperushia karatasi, basi akakifuta grisi akaniletea mezani. Kilikuwa na uzito unaofaa. Kimekandamiza barua zinazoingia kwa miaka kumi na tisa, na wakurugenzi watatu wamewahi kuniuliza ni kitu gani.

Tangu hapo mkunga wetu, Bi. Felisita, alipanda Kaya kila Alhamisi akiwa na chupa tatu za chai zilizojaa maji ya moto ya kunawia na kuogeshea. Tulidhani ndivyo wakunga walivyo.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 11 Julai 2024, Kaya ilikuwa Nkololo. Alikuja mama mwenye mimba ya miezi minane kupima kama kawaida, na kabla ya saa moja kupita alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwenye kilo moja na gramu mia nane. Mnaijua baridi ya Julai asubuhi, upepo unapokatiza mashamba ya pamba ambayo yamebaki mabua. Bi. Felisita alimlaza mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa kila kitenge alichokipata. Maji ya chupa zake akayamimina kwenye chupa za plastiki, akazizungushia nguo na kuwapangia pembeni. Dastan akakanyaga mafuta kuelekea hospitali ya Bariadi. Fundi alikaa nyuma nao, amevua ovaroli na kulisokomeza kwenye ufa wa dirisha ili upepo usipite.

Wakiwa njiani yale maji yalianza kupoa. Bi. Felisita alipitisha kiganja ukutani karibu na kitanda, penye vitundu vilivyopangwa vizuri, akauliza, kama anayejisemea mwenyewe, waliotengeneza gari hili waliviweka vya nini. Fundi akalikandamiza tena ovaroli lake dirishani.

Mtoto alipona, nalisema mapema ili mtu asisome akiwa na presha. Lakini Fundi hakuwa na amani. Jumatatu, kikao cha wafanyakazi kilipofika kwenye mengineyo, alisimama mtu ambaye hakuwahi kuchangia neno tangu mwaka 1993.

“Mayu Felisita,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, “vile vitundu ni vya joto. Nilivifunga mimi.”

Akaongeza kwamba hatastaafu mpaka avifungue, akakaa. Bi. Felisita alimgeukia. “Sasa Fundi,” akasema, “miaka kumi na minane mimi nabeba machupa, na wewe kila Alhamisi unaniona?” Watu wakacheka. Wao wawili hawakucheka.

Mkurugenzi wetu, Bw. Sylvester, aliruhusu kazi ifanyike kwa sharti moja: Kaya isikose Alhamisi hata moja. Zilibaki wiki hamsini tu, na magari mengine manne yalikuwa yanamsubiri fundi huyohuyo. Kazi ya kwanza ilikuwa kupata mipira. Vipande vifupi vipo kila duka la spea, lakini mita ishirini na nne za mpira unaostahimili maji ya moto, tena wa kipimo kile, hakuna aliyekuwa nazo. Oktoba uvumilivu ukamshinda, akajaribu mpira wa kijani wa kumwagilia bustani. Ulilainika kama tambi na kupasuka nje ya geti letu, mbele ya bodaboda wote wa kijiwe, ambao mpaka leo wakimwona humuuliza bustani inaendeleaje.

Mpira wa kweli, mweusi na mnene, ulipatikana Mwanza mwezi Mei. Hila yake ilikuwa nzuri: aufunge mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, auvute wa zamani upande wa pili, na mpya ufuate. Ule wa zamani ulikuwa umekauka kama muwa uliosahaulika juani. Ulivutika mita tatu ukakatika chini ya kitanda. Ikabidi afungue makabati, afungue kitanda, afungue na ubao wa sakafu. Humo ndani tulikuta kijiko, jozi moja ya miwani, na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa pamba safi ya daraja la kwanza. Fundi alikihamishia nyuma ya stoo kwa heshima zote.

Mipira ilipokaa na klipu zake kukazwa, ilibaki kutoa hewa kwenye maji, na hiyo inataka gari linyanyue pua juu. Bariadi mlima uko wapi? Dastan akaipandisha Kaya magurudumu ya mbele kwenye tuta la kupakilia mzigo la ghala la pamba, na vibarua wa ghala wakaanza kujipanga wakidhani tumeleta marobota. Injini ikaunguruma, mapovu yakatoka, Fundi akaenda nyuma na kuweka mkono kwenye vitundu. Vuguvugu. Akasubiri nusu saa, bado vuguvugu.

Hiyo ilikuwa Jumatano, tarehe 18 Juni. Alhamisi ya kesho yake Kaya ilikwenda kazini na vuguvugu lake, na Bi. Felisita na chupa zake tatu, na hakumsema. Nadhani Fundi angeona nafuu kama angemsema. Ilibaki Alhamisi moja tu katika utumishi wake. Alikagua klipu zote upya, akapuliza mipira, akafungua hita na kuisafisha. Nilimwona amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaitazama injini, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kweli amezeeka. Iliniuma.

Jumatatu, tarehe 23, alikuja masjala kuazima kalamu. Nikampa. Hakuondoka. Alikuwa anatazama mezani kwangu. Kisha akanyanyua kile kizibo cha shaba, barua zinazoingia zikatawanyika chumba kizima, naye akatoka nacho bila kuaga. Nilipomfuata nilimkuta jikoni, amekitumbukiza kwenye sufuria ya chai ya ofisi, ameinama kama mama anayechungulia ugali. Maji yalipochemka, kizibo kilifunguka taratibu, kama kilivyofundishwa kiwandani miaka thelathini na saba iliyopita. Maji ya injini yalikuwa yanazunguka bila kizuizi, hayakupata nafasi ya kuiva. Kosa lilikuwa lake lilelile la mwaka 2006, sehemu ya pili, na lilikuwa limekaa juu ya barua zangu muda wote.

“Evalina, wabeja,” alinishukuru, kana kwamba nilikitunza kwa makusudi. Nimeamua kutokukanusha. Jioni hiyohiyo kizibo kikarudi mahali pake kwenye injini. Ile chai tusiizungumzie.

Alhamisi iliyopita, tarehe 26 Juni, niliomba kwenda Nkololo. Bi. Felisita alipanda na chupa zake tatu kama siku zote, kwa sababu mkunga haamini mpaka aone. Tulipofika alifungua bomba la kunawia, akaweka mkono na kuurudisha haraka. Akaweka tena, polepole. Kisha akatoka nje, akazifungua chupa zake moja baada ya nyingine na kuyamwaga maji chini.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa yule mama wa mwaka jana, na mtoto wake, Masunga, ambaye sasa ana kilo nane na nusu na meno manne. Alivuliwa nguo ili apimwe, akalazwa kitandani karibu na vitundu, na badala ya kulia alipiga miayo. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi, ingawa hapakuwa na cha kukaza. Mama yule aliweka kiganja ukutani, akashangaa.

“Baba, siku hizi gari lenu lina jua ndani?”

“Lilikuwa nalo tangu zamani, mayu,” alijibu Fundi, akageuka kutazama nje. Nilikuwa upande huo, kwa hiyo uso wake niliuona. Sitauandika hapa.

Fundi Leonidas, ofisi imekuandalia baiskeli mpya, na ndani ya bahasha kuna kalamu moja ya bluu, yako kabisa, usiirudishe. Zile chupa tatu zilizofungwa utepe anakupa Bi. Felisita. Amesema nikuandikie kwamba yeye hazihitaji tena. Karatasi zangu zinapeperuka tangu Jumatatu iliyopita, na zipeperuke tu.

Wabeja sana kwa miaka thelathini na miwili. Nenda Ipililo ukalime salama, wewe na mke wako, mama Elizabeth, mvua zije kwa wakati, na kila asubuhi ya Julai ikukute shambani na chai ya moto.