Arlys Lund, Aliyeuliza Maswali Handakini

Ndugu, jamaa na majirani wa Decorah, mimi ni Karsten, mtoto wa dada yake mkubwa, na familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yetu mdogo, Arlys Marie Lund.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, shambani kwa wazazi wake nje kidogo ya mji huu, akasoma hapa hapa, akahitimu ualimu mwaka 1968, lakini Januari 1969, badala ya kushika chaki, alijitolea kwenda Vietnam na mabinti wenzake kuwachangamsha askari wetu, wakizungushwa kwa helikopta kambi hadi kambi, wakiwa na magauni ya buluu na michezo ya maswali waliyojitungia. Babu alimwambia, "Vita si harusi, binti yangu," naye akajibu, "Harusini hawanihitaji, baba."

Tarehe 14 Agosti kambi moja ya kilimani ilishambuliwa kwa makombora akiwemo, helikopta ikashindwa kutua, akakaa handakini kwa muda wa saa sita na askari kumi na mmoja. Hakutusimulia kamwe, tumeyasikia mwezi uliopita kwa Bwana Delbert Ochs, aliyekuja kumwona kitandani, ambaye siku ile, akiwa na miaka kumi na tisa, alishikwa na kiwewe akainuka akimbilie nje, na mama mdogo akamkamata mkanda.

"Kaa chini, kaka, hujanijibu. Mji mkuu wa jimbo lenu, Nebraska?"

"Una wazimu, dada? Tunakufa!"

"Basi ufe umeshajibu."

Wenzake wakaangua kicheko, akakaa, akasema, "Lincoln," na papo hapo kombora likatua mlangoni, pale ambapo angekuwa anapita. Maswali yalipokwisha aliyaanza upya, nao wakajifanya hawayajui majibu.

Alirudi Februari 1970, akafundisha darasa la nne miaka thelathini na mitatu, akaolewa na Orville Lund tarehe 16 Juni 1973, wakajaliwa Ingrid na Peder. Mei mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 3 Oktoba 2021. Siku ile Bwana Ochs alipoondoka, nilimuuliza, "Mbona hukutuambia, mama mdogo?" Akasema, "Mngeniuliza kama niliogopa." "Uliogopa?" "Sana, mwanangu. Hadi leo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea chakula kila jioni, na walimu wenzake.

Bwana Ochs yupo nasi, na watoto wake wanne, na wajukuu tisa. Tafadhali simameni, tuwaone.

Mama mdogo, pumzika sasa, kwa amani.