Émérance Umuhire, Aliyetembeza Watu Juu ya Mitaa Iliyofunikwa na Lava

Mama Émérance Umuhire alizaliwa Rutshuru tarehe 14 Aprili 1968, mtoto wa tatu wa Papa Sibomana na Mama Donatille. Mwaka 1987 alipata diploma ya ualimu, akashuka Goma kufundisha shule ya msingi huko Birere. Wanafunzi walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Tarehe 3 Agosti 1991 alifunga ndoa na Papa Onésime Havugimana, seremala, mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo ni malalamiko. Mungu aliwajalia watoto wawili, Léoncie na Prodige.

Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka mpaka ziwani, ikafunika shule yake na nyumba za jirani. Watoto waliporudi kutoka ukimbizini walimuuliza, “Madame, masomo yetu iko wapi?” Akawashika mikono, akawapeleka juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, akawaonyesha mahali shule ilipokuwa. Ndivyo yalivyoanza matembezi yake ya kila Jumamosi, kutoka Birere hadi bandarini. Wageni walikuja, na hata wazaliwa wa Goma waliokulia Ulaya. Hakuruhusu mtu akate njia juu ya nyumba zilizozikwa. “Hapa ni mulango ya Mama Bagalwa,” alisema, mbele ya jiwe tupu. “Piga hodi kwanza.” Na mabwana wakubwa wenye miwani ya jua walipiga hodi! Sisi ndugu zake tulijivuna, na tunajivuna hadi leo.

Mumewe tu ndiye aliyenung’unika. “Mama Léoncie, batu banatoka mbali kuangalia mawe? Hata hapa nyumbani, mu parcelle yetu, mawe iko!” Hakuwahi kuandamana naye hata mara moja.

Mwaka 2023 kisukari kilimnyima miguu. Kifo hakikumtisha; alichohofia ni matembezi kufa pamoja naye, maana watoto wako mbali na hakuna aliyejifunza. Jumamosi moja Papa Onésime, bila kuombwa, alileta chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyoichonga mwenyewe, akaifungia kiti. “Panda, Mama Léoncie. Batu banangoya.” Tangu hapo alimsukuma kila wiki, Birere nzima ikiwapigia makofi.

Tarehe 9 Novemba 2024, karibu na bandari, sauti ilimkatika. Wageni wakatazamana. Papa Onésime akadaka maneno pale pale alipoishia: nyumba, majina ya wenyewe, mpaka mizaha yake.

“Papa Léoncie, ulijifunza wapi?” aliuliza Mama Émérance, sauti ilipomrudia.

“Kwani ku meza unaongeaka nini ingine?”

Mama Émérance alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Alifariki Jumanne iliyofuata, nyumbani kwake Majengo, moyo wake umetulia.

Ameacha mume wake Onésime, binti yake Léoncie aliyeko Bukavu, mwanawe Prodige aliyeko Kampala, wajukuu wanne, na dada yake Uwimbabazi. Tumeombwa pia kutangaza kwamba kesho Jumamosi matembezi yapo kama kawaida, na ataongoza Papa Onésime.

Dada yetu, pumzika kwa amani. Kazi yako imepata mwenyewe.