Programu Tatu na Neno Ghairi

Mgeni rasmi, Bi Ghada Hamood, Mkurugenzi wa taasisi iliyotupatia vishikwambi: Jumanne iliyopita, saa sita na nusu mchana, daftari la Baiolojia la mwenzetu Umkulthum lilifunguka kwenye kishikwambi likiwa halina neno hata moja. Assalaamu alaykum, na karibu Ole. Utuwie radhi kwa kulitanguliza daftari kabla ya salamu. Ndilo jambo pekee ambalo sote tunakubaliana kwamba limetokea.

TULIPOANZIA

Mwaka jana ulitupa vishikwambi vyenye programu tatu za kusomea nyaraka, kupigia mistari na kuandika maelezo pembeni. Ulituagiza tuzijaribu, tuchague moja, na leo tukutajie jina lake ili mbili zitakazobaki ziondolewe. Sisi tunaziita kwa rangi zake.

TULIYOYAONA

Ya kijani hugeuza mwandiko wa mkono kuwa chapa. Tuliandika "ute wa yai", ikaleta maneno ambayo si Kiswahili wala Kiingereza. Na aya ya Kiarabu huianzia mwisho. Ya chungwa ni nzito na ina rangi moja tu ya kupigia mstari, ila haihitaji mtandao. Ya bluu hufungua kitabu kizima bila kukwama, na hutafuta neno ndani ya maelezo yetu wenyewe. Kwa kila kipimo tulichoweka, bluu ni ya kwanza. Ndiyo aliyokuwa akiitumia Umkulthum.

KINACHOTUTATIZA

Umkulthum ni wa kisiwa cha Fundo. Hapa Ole anakaa kwa shangazi yake, na anasomea nafasi ya chuo cha uuguzi. Siku ile alikuwa akiyapeleka maelezo yake yote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mtandao ulikuwa mzito, adhuhuri ikaadhiniwa, akataka kusitisha aende kusali. Programu ikamuuliza: "Ungependa kughairi?" Vitufe vilikuwa viwili, "Ghairi" na "Endelea". Akabonyeza "Ghairi", daftari likafunguka tupu.

Nusu yetu wanasema aliliitikia swali. Nusu wanasema alilikataa. Na "Endelea" je, ni kuendelea kupeleka au kuendelea kughairi? Maalim Pandu, anayetusomesha Kiswahili, aliisoma sentensi mara mbili akasema, "Wanangu, hapa hata mimi naghairi." Mwenzetu Haitham alimtania Umkulthum kwamba kahifadhi juzuu nzima ya Kurani kifuani, Baiolojia kaiachia kishikwambi. Umkulthum hakucheka. Alimjibu, "Mie nlighairi kusubiri. Sikughairi Baiolojia."

Fundi mmoja wa Chake Chake ametuambia maelezo bado yamo ndani ya programu. Fundi wa Wawi ametuambia hayamo. Wote wawili walikuwa na uhakika. Sisi hatuna.

TUNALOOMBA

Tukiichagua bluu, tumechagua iliyopoteza daftari. Tukiiacha, itaondolewa pamoja na chochote kilichosalia ndani yake. Tumepiga kura mara tatu na kila mara imeshinda rangi nyingine. Kwa hiyo, Mgeni rasmi, leo hatuna jina la kukutajia.

Tunaomba programu zote zibaki mpaka mtihani wa taifa umalizike, na walioitengeneza ya bluu wakikague kishikwambi cha Umkulthum kabla hajakigusa mtu mwingine. Tunaomba pia maneno ya vitufe yaandikwe na mtu anayezungumza Kiswahili.

Mwenyezi Mungu akurejeshe kwako kwa salama, na akutilie baraka katika kazi ya mikono yako.

Ni sisi wanafunzi wa Kidato cha Nne, Ole.

Risala imesomwa na Khairat Jabir. Aliyekuwa amechaguliwa kuisoma ni Umkulthum. Tulipoingia ukumbini alikuwa darasani akinakili kwa kalamu, Haitham akimsomea kutoka maelezo yake mwenyewe, na walikuwa wamefika kwenye figo.