Mama Pasi na Baiskeli Iliyopotelea Ukutani

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, msimamizi wa idara ya dobi ya hospitali yetu, ambaye sote tunamjua kwa jina la Mama Pasi, alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 ya mwezi uliopita, saa kumi kasorobo alasiri. Ratiba ilisema saa tisa kamili. Zile dakika arobaini na tano zilizozidi zina sababu yake, na mhariri wa jarida hili amemwagiza karani wa masjala, ndiye mwandishi wa makala haya, aieleze bila kuongeza la kwake. Karani ameahidi kujitahidi.

Mama Pasi alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na sita. Dobi ya wakati huo ilikuwa mabirika mawili ya saruji, bomba moja lililotoa maji likipenda, na pasi ya mkaa yenye uzito wa mtoto wa miezi mitatu. Alifua kwa mikono kwa miaka tisa. Mashine ya kwanza ya kufulia ilipoletwa, wenzake walipiga vigelegele. Yeye alivuta kigoda akaketi mbele yake siku tatu mfululizo, akiitazama kupitia kile kidirisha kama mama mkwe anayemtazama mkwe mpya akichambua mchele. Siku ya nne alitoa hukumu: "Ina bidii, lakini haina adabu." Tangu hapo kila shuka lililotoka kwenye mashine lilisuuzwa tena kwa mkono, na mashine haikuwahi kulalamika.

Jina lake alilipata siku ile wageni wakubwa walipokuja kukagua hospitali. Daktari mkuu alipita mbio mbele ya dobi, koti lake limekunjamana kama jani la kabichi. Akaombwa alivue. Akasema hana muda. Basi Mama Pasi akamgeuza, akampiga pasi akiwa ndani ya koti, mgongo mzima na mikono yote miwili, huku akimtuliza: "Usiogope, daktari, moto ni wa hariri." Wageni waliandika kwenye ripoti yao kwamba daktari mkuu ana msimamo ulionyooka. Hawakujua kwamba alikuwa anaogopa kuinama.

Sasa tuje kwenye baiskeli.

Nyuma ya dobi kulikuwa na fremu ya baiskeli iliyofukiwa nusu ardhini, nayo ilishikilia ncha ya kamba ya kuanikia. Ilikuwa baiskeli ya mumewe, fundi cherehani mwenye duka dogo linalotazamana na geti letu. Aliinunua ujanani, akaiendesha mpaka ikamchoka, akamkabidhi mkewe mabaki. Kwa miaka kumi na moja ilifanya kazi ya mti.

Miezi sita kabla ya kustaafu, mumewe alikuja kumletea mkewe miwani aliyoisahau nyumbani. Alipoiona ile fremu akatikisa kichwa. "Hicho chuma kimekwisha kufa," akasema. "Baiskeli hiyo ikitembea tena, mimi naingia jikoni mwaka mzima."

Ni vyema msomaji aelewe uzito wa maneno hayo. Katika ndoa yao yote, mzee yule alikuwa ameingia jikoni kwa shughuli moja tu, kuuliza kama chakula kimeiva.

Mama Pasi aliweka pasi chini. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Na vyombo naosha."

"Baba watoto, hawa wote wamesikia."

Kweli tulisikia. Tulikuwa watatu: mwandishi huyu, Matroni aliyekuja kufuata mashuka, na fundi wa karakana, ambaye tunamwita Taratibu kwa kuwa ndilo neno la kwanza analolitamka kila anapoitwa. Kesho yake fremu ilifukuliwa, kamba ikahamishiwa kwenye nguzo, na Taratibu akaipima maiti. Akasema, "Taratibu. Hapa kilicho hai ni fremu na usukani. Vingine vyote ni marehemu."

Matroni alitoa ruhusa ya kutumia vifaa vilivyokwisha kufutwa, kwa sharti moja. "Chukueni vilivyokufa," alisema. "Chochote kinachopumua nisikione kwenye baiskeli hiyo." Hivyo gurudumu la mbele lilitoka kwenye kiti cha magurudumu kilichovunjika. Lilikuwa dogo kuliko la nyuma, kwa hiyo baiskeli iliinama mbele muda wote kama inasalimia wakubwa. Gurudumu la nyuma, mnyororo, madigadi na pedali vilitoka kwa muuza vipuri wa mtaa wa pili. Pedali moja ya chuma, nyingine ya mbao, maana hakuwa na pacha. Breki zilitengenezwa kwa ile mipira ya miguuni mwa magongo ya kutembelea. Kengele ilikuwa ile ya zamani ya mapokezi. Kiti kilikuwa cha duara, kutoka kwenye stuli ya maabara, na kilikuwa na tabia ya kuzunguka. Taratibu alikikaza nati mara nne. Kikaendelea kuzunguka, ila sasa kwa mlio.

Kutu aliikwangua Mama Pasi mwenyewe kwa msasa, kila siku wakati wa mapumziko ya mchana, akiwa amevaa aproni yake nyeupe ambayo, tunaapa, haikupata doa. Baada ya msasa akaifua fremu kwa sabuni, akaisuuza mara mbili, akaianika. Alipouliza kama itafaa kuitia wanga kidogo, Taratibu aliomba akapumzike.

Rangi iliyokuwapo karakana ni ile ya wodini: kijani ya chini ya ukuta na krimu ya juu. Mama Pasi hakuona ubaya. Alipaka kijani kuanzia magurudumu hadi katikati ya fremu, na krimu kuanzia hapo hadi kwenye usukani, mstari umenyooka kama mkunjo wa suruali. Ilipendeza kupita kiasi. Akaiegemeza ukutani, nje ya wodi ya wanaume, ikauke.

Saa moja baadaye baiskeli haikuwapo.

Kilichofuata si cha kujivunia. Mlinzi alifunga geti. Matroni alisimamisha gari la taka na kulikagua. Mwandishi huyu aliandika taarifa ya wizi, kurasa mbili, akataja watuhumiwa watano, wawili kati yao wakiwa likizo. Mama Pasi aliketi kwenye ngazi akikunja na kukunjua kitambaa kilekile. Baada ya msako wa saa mbili mlinzi alichoka, akajiegemeza ukutani apumzike. Ukuta ukapiga kengele.

Mlinzi aliruka kando, akavua kofia. "Jamani," alisema kwa sauti ndogo, "ukuta umeniita."

Ilikuwa palepale ilipoachwa. Kijani juu ya kijani, krimu juu ya krimu, mstari kwa mstari. Watu kumi na wanne walikuwa wamepita mbele yake wakiitafuta, na mmoja, ambaye hatutamtaja lakini anafanya kazi masjala, alikuwa ameitundikia koti. Siku ileile madigadi yalipakwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye ndoo za zimamoto.

Zilibaki wiki tatu. Taratibu akaitoa uani, akaipuliza vumbi, akasema, "Haya mama, panda tuione."

Mama Pasi hakusogea. Akaangalia pedali ya chuma, akaangalia ya mbao. "Kupanda sijui," akasema.

Kwa miezi mitano hakuna aliyefikiri kuuliza. Taratibu akajitolea kuiendesha yeye mbele ya mumewe, kwa kuwa masharti yalisema itembee, hayakusema na nani. Mama Pasi akakataa.

"Kwetu kaka zangu walikuwa na baiskeli moja," alisema. "Mimi ndiye niliyeiosha kila Jumamosi, mpaka nikaolewa. Nikaja kwa mume, nikaosha yake. Siku hata moja sikukalia. Hii nimeijenga mimi, nitaikalia mimi."

Mafunzo yalianza kesho yake, kwenye uwanja wa kuanikia. Kazi ya kushika kiti kwa nyuma alipewa mwandishi huyu. Wanaojua baiskeli watauliza mtu anashikaje kiti kinachozunguka. Jibu ni kwamba hakishiki, anazunguka nacho. Wiki ya kwanza mwanafunzi alianguka mara tisa na mwalimu mara kumi na mbili.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, alipata mwendo wa ghafla akapenya kwenye mashuka yaliyoanikwa. Aliingia upande mmoja akiwa Mama Pasi, akatokea upande wa pili akiwa kitu kirefu cheupe kisicho na uso, kinachopiga kengele, kikielekea kwenye baraza la wodi ya wanaume. Barazani alikuwapo mgonjwa mmoja ambaye kwa wiki tatu alishikilia kwamba mguu wake hauwezi kukanyaga chini. Mgonjwa huyo alipatikana getini. Alikuwa amefika wa kwanza, akawatangulia hata wazima. Daktari alimruhusu kwenda nyumbani jioni ileile, na kwenye faili lake, linalotunzwa masjala, mahali pa tiba pameandikwa neno moja: shuka.

Ndipo ikafika Ijumaa yenyewe. Hotuba zilikuwa fupi kuliko ilivyo desturi, kwa sababu hata mgeni rasmi alikuwa akichungulia dirishani. Mumewe alisimama mlangoni pa duka lake, ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia shingoni, akitabasamu kama mtu mwenye uhakika wa chakula cha jioni.

Mama Pasi alipanda. Alivuta pumzi, akakanyaga pedali ya mbao, kisha ya chuma, na mwandishi huyu akaachia kiti. Kutoka dobi hadi getini ni mteremko. Baiskeli iliyumba kushoto, ikajirudi, ikanyooka. Alipita wodi ya watoto, akapita mapokezi, akatoka getini, mgongo wima, aproni ikipepea, akampita mumewe hatua mbili kutoka puani. Tabasamu la mzee likakunjwa taratibu likawekwa kabatini.

Alizunguka mtaa mzima, akatokea upande wa pili. Tulishangilia. Akazunguka mara ya pili, tukashangilia zaidi. Mara ya tatu ndipo tulipogundua kwamba uso wake haukuwa uso wa mtu anayejionyesha.

"Simama, mke wangu!" mumewe alimwita.

"Sijafundishwa kusimama!"

Watu wote walimgeukia mwalimu. Mwalimu akaangalia viatu vyake. Ni kweli, somo hilo lilisahaulika. Siku zote za mafunzo alisimama kwa kuanguka, na hakuna aliyeona upungufu.

"Finya breki!" tukapiga kelele.

Akafinya. Ile mipira ya magongo ilitoa mlio kama wa mbuzi, ikaanguka barabarani mmoja baada ya mwingine. Mumewe akaanza kukimbia nyuma yake, futi ikipeperuka. Muuza matunda wa kona alidhani ni mashindano, akamkabidhi kikombe cha maji, naye kwa adabu akakipokea, akanywa akikimbia. Walizunguka hivyo, mke mbele, mume nyuma, kwa dakika zile ambazo mhariri alitaka zielezwe. Mwishowe Mama Pasi akapata akili ambayo hakuna fundi wala mwalimu aliyeifikiria. Akakata kona, akaingia tena getini, sasa akipanda kile kilima. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikachoka, ikasimama yenyewe mbele ya mlango wa dobi. Akashuka kama mtu anayeshuka kwenye gari lake, akaivuta aproni ikanyooka.

Mzee alifika akihema, akashika usukani asianguke. Alimtazama mkewe, na wale walioona macho yake wanasema hayakuwa ya mtu aliyeshindwa.

"Mke wangu," akasema, "chumvi inakaa wapi?"

Habari zilizotufikia tangu hapo ni kwamba anajitahidi. Hukata vitunguu baada ya kuvichora mistari kwa chaki, na maharagwe yake ya kwanza yalihitaji kisu. Mama Pasi aliyamaliza, akaomba aongezewe, kisha akakaa kitini akisikiliza vyombo vikioshwa na mtu mwingine. Alipita masjala kuchukua karatasi zake za mwisho akatusimulia, akacheka mpaka akavua miwani.

Jumatatu iliyofuata, mwandishi huyu alijikuta mlangoni pa dobi na shati ambalo halikuwa na mkunjo hata mmoja. Matroni alikuwapo tayari, na koti lake safi mkononi. Taratibu alikuja na aproni ya karakana, ambayo haijawahi kupigwa pasi tangu ishonwe. Tulisimama kidogo, tukarudi kazini.

Mama Pasi, kwa miaka yote hii kila aliyelazwa hapa alilala juu ya kazi ya mikono yako. Wenye homa na waliojifungua uliwatandikia wewe, na wale ambao hawakurudi kwao uliwafunika wewe pia, kwa shuka safi, lililonyooka, ingawa hakuna ambaye angelikagua. Wengi hawakukujua. Sisi tunakujua, na tunasema asante. Uwe na afya, siku ndefu na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Na mawingu yakitanda, kaa ulipokaa, mama, usiinuke. Nguo tutazianua sisi.